Daktari yupo, wa kukugongea mlango hayupo

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba tulioko Uingereza tumebahatika: mtu akizidiwa na mawazo anapewa mtaalamu wa kumsikiliza, tena bure, wakati huko Ujiji ataambiwa karogwa.

Mtaalamu yupo, sikatai. Lakini huku Scotland lengo la serikali yenyewe ni kwamba asilimia 90 ya wagonjwa waanze tiba hiyo ndani ya wiki 18. Wiki 18! Na hilo ndilo lengo. Siku ukimpata atakusikiliza vizuri, muda wako ukiisha mtaagana, utarudi chumbani kwako peke yako.

Desemba hapa Glasgow kunakucha saa tatu kasoro, na kabla ya saa kumi jioni jua limezama. Kazi yangu kulea wazee. Natoka na giza, narudi na giza. Jirani wa mlango wa pili simjui jina. Wenyewe yamewashinda, mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilimteua waziri wa kushughulikia upweke. Waziri mzima! Hapo mtaani kwetu kazi hiyo anaifanya mama muuza vitumbua: asipokuona siku mbili, anatuma mtoto aje aulize kulikoni.

Ila msivimbe vichwa. Mama huyohuyo akijua huli wala hulali, kufika magharibi mtaa wote unajua, na mganga ameshatajwa. Binamu yetu alifungiwa chumba cha uani hali hospitali ya Maweni ipo hapo hapo mjini. Mmesahau? Mtu akiwa hivyo mpelekeni hospitali, na mkae naye. Vyote viwili.

Kinachoniuma ni hiki. Simu yangu hulia kukiwa na msiba au harusi. Rambirambi, turubai, sare, gari la maiti. Natoa, kuzikana ni wajibu. Mwaka jana nilikaa kimya miezi, sikutuma hata shilingi. Walionitafuta waliuliza nimeanza lini kuringa. Ningekuwa Ujiji, baraza ingejaa watu hata kama sitaki kuwaona.

Kwa hiyo usije. Njia niliyopita mimi, viza ya walea wazee, wameifunga Julai 2025 kwa wanaoomba wakiwa nje, na tangu Machi 2024 mlea wazee anayeingia upya haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Ukipata njia nyingine, basi njoo, maisha ni yako. Wiki ya kwanza tafuta msikiti, jiunge na umoja wa Watanzania. Usiwaambie mambo yako yote lakini. Maneno yao yanafika Kigoma hata hujakata simu. Usiku ukikulemea piga 116 123, simu ya Samaritans, watu wa kumsikiliza aliyezidiwa; hawatozi na hawalali. Mimi nimewahi kupiga.

Mchango wa harusi mwezi huu sitoi. Wakikuuliza, usiseme naumwa. Sema sina.