"Jisaidie nikusaidie" iko kitabu gani?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi na wifi yangu hatuongei vizuri tangu wiki iliyopita sababu ya Biblia. Yeye anasema "jisaidie nami nitakusaidia" ni maneno ya Mungu mwenyewe, mimi nimetafuta kwenye simu mpaka chaji imeisha sijaona kitu. Na "sauti ya wengi ni sauti ya Mungu" nayo imo? Tuamulie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie wifi yako ahesabu maumivu, haimo. Si Mwanzo si Ufunuo. Wazo lenyewe ni la zamani mno, kwenye hadithi za Aesop, msimulizi wa Ugiriki ya kale, kuna jamaa mkokoteni wake umenasa kwenye tope, yeye kapiga magoti anamlilia Hercules, yule shujaa wa Wagiriki mwenye nguvu za ajabu, akaambiwa inuka kwanza usukume gurudumu ndo uniite. Baadaye Mwingereza Algernon Sidney akayaandika kwenye kitabu kilichochapwa 1698, mwenyewe kashakatwa kichwa tangu 1683 (hapo sijui nani alimsaidia), halafu Mmarekani Benjamin Franklin akayatia kwenye kalenda yake ya 1736 na ndo yakasambaa dunia nzima. Ukisoma Warumi 5:6 unakuta karibu kinyume chake, kwamba Kristo alikufa "tulipokuwa hatuna nguvu". Wasomaji wetu Waislamu wao wana cha kushika, Sura Ar-Raad aya ya 11 inasema Mwenyezi Mungu habadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao, ila na hiyo si sentensi ileile jamani.

Sasa hiyo ya sauti ya wengi ndo inanichekeshaga, maana wanasiasa wakishinda tu wanaitoa kama mstari wa kukariri. Mtu anayetajwa sana kuiandika zamani ni Alcuin, mwanazuoni aliyemwandikia mfalme Charlemagne karibu mwaka 798, na alichomwambia ni USIWASIKILIZE wanaosema hivyo, kwa sababu fujo za umati ziko jirani na wazimu! Yaani onyo limegeuzwa kauli mbiu. Na Biblia yenyewe wala haiko upande wa umati, Kutoka 23:2 inakataza kuandamana na mkutano kutenda uovu, na kwa Pilato ni nani walipiga kelele Yesu asulubiwe kama si hao hao wengi?

Kabla hujamcheka wifi lakini, jiangalie na wewe. Ukisema "fedha ni shina la mabaya" umekata mstari, 1 Timotheo 6:10 inasema KUPENDA fedha. Mamajusi tunaosema walikuwa watatu hakuna aliyewahesabu, Mathayo kataja zawadi tatu basi. Na ile tunayowaambiaga wafiwa, "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba", 1 Wakorintho 10:13 inaongelea majaribu, kama unataka iliyo karibu zaidi na hayo maneno iko kwenye Kurani, Al-Baqara 286.

Kamsalimie wifi.