Kabla hujapima kumbukumbu ya mtoto, mpime kidole

Juzi mwalimu mwenzangu wa Kigamboni kaniandikia. Shule yao imepata vishikwambi, wakaambiwa wapime kumbukumbu za watoto wa darasa la pili, na wengi wameishia hatua za mwanzo kabisa. Anauliza, "Hivi hawa watoto wana shida gani?"

Mwalimu, hawana shida. Maneno hayohayo niliyasikia Mbagala, nilipokuwa kwenye mradi wa kupima watoto hivihivi, tena kwa mtu mwenye suti.

Kinachopimwa ni ule uwezo wa kushika jambo kichwani kwa muda mfupi huku unalifanyia kazi, ambao wanasaikolojia Baddeley na Hitch waliuandikia mwaka 1974. Miraba inawaka mmoja mmoja kwenye kioo, mtoto anaigusa kwa mpangilio uleule, baadaye kinyumenyume. Inaanza miwili, inaongezeka. Akikosea mara mbili, programu yetu ilikuwa inamfungia.

Sasa pale Mbagala kulikuwa na binti aliyegusa kwa ncha ya ukucha, kwa adabu zote, kama anayeonja chumvi ya wenyewe. Kioo kile hakisikii ukucha. Mpangilio alikuwa nao, nilimwona anautaja kwa midomo, mashine ikaandika amekosa. Nikasema. Mkubwa wa mradi akanijibu kuwa kazi yangu ni kuangalia chaja. Haya. Kesho yake nikawaachia watoto mchezo wa kupasua mapovu kwanza, kipimo baadaye. Binti yuleyule akafika miraba mitano! Ripoti ilipotoka, mchezo wa mapovu umo, jina langu halimo.

Kwa hiyo kidole kwanza. Acha wacheze mpaka waache kukiogopa kile kidude. Narudia kwa sababu hamsikii: wacheze kwanza.

Mvua ya masika ikipiga bati, kipimo cha namba za kusikiliza, kile mtoto anasomewa namba azirudie, kiweke kando, baki na miraba. Na majedwali ya alama za watoto wa Uingereza msiyashike kama msahafu. Moja mpaka tisa zetu zote zina silabi mbili, zao karibu zote zina moja, na tangu 1975 inajulikana kwamba maneno yakirefuka, yanayoshikika hupungua. Mtoto wa Temeke anaonekana mzito kwa kosa la lugha aliyozaliwa nayo. Walimu wenzangu, tumekuwa wepesi mno wa kuwabandika watoto majina!

Umeuliza pia umwambie nini mzazi wa aliyeishia miraba miwili. Kwa sasa, usimwambie kitu. Mpime tena siku nyingine, asubuhi, akishakunywa uji. Akibaki palepale, jisikilize wewe unavyofundisha: "Toeni madaftari, fungueni ukurasa wa arobaini, fanyeni la tatu hadi la sita, ukimaliza lete mezani." Huyo kakupotea kwenye ukurasa. Mpe agizo moja, subiri alitekeleze, ndipo utoe la pili.