Mzoefu wa Vumbi Anapoingia Kwenye Lami

SWALI: Nimekulia Mufindi, mkoani Iringa, na kwa miaka minne nimekuwa nikiendesha pikipiki ya porini katika njia za mashamba ya chai na misitu ya misonobari, kiangazi na masika, udongo mwekundu unapogeuka kuwa utelezi mtupu. Sasa nimepata kazi Dar es Salaam, nami nakusudia kwenda kazini kwa pikipiki kutoka Kimara hadi Posta kwa Barabara ya Morogoro. Rafiki zangu wananiambia kwamba aliyeyaweza matope ya Mufindi hana la kujifunza kwenye lami, lakini kaka yangu anayeishi huko Dar anasisitiza kwamba nianze upya kama mtu asiyewahi kushika usukani. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu yangu, miaka yako minne ya Mufindi ni mali, na nisingependa mtu yeyote akushauri uitupe. Mtu aliyejifunza pikipiki kwenye udongo ameshaondokana na hofu kubwa inayowaumiza wanaoanza, yaani hofu ya tairi kuteleza. Mgeni wa pikipiki anapoihisi tairi ya nyuma ikihama kidogo, hushtuka, huachia mafuta ghafla au hukanyaga breki kwa nguvu zote, na hapo ndipo anapoanguka. Wewe mwili wako umekwisha kufundishwa kutulia, kuulegeza mkono na kuiacha pikipiki ijinyooshe. Klachi na gia unazitumia bila kuzifikiria, macho yako yamezoea kutazama mbali badala ya kutazama tairi ya mbele, na unajua kusimama juu ya vikanyagio unapopita kwenye shimo. Jijini Dar, ambako mvua moja huweza kusomba mchanga na kuutandaza juu ya lami, mafunzo hayo yatakufaa kila wiki.

Ushahidi wa jambo hili upo, tena si wa leo. Mnamo 1976 na 1977, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, nchini Marekani, walizichunguza papo hapo ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, kisha wakawalinganisha walioanguka na waendeshaji wengine waliokuwa wakipita katika barabara zilezile. Ripoti yao, iliyotolewa 1981, ilionyesha kwamba waendeshaji wenye uzoefu wa pikipiki za vumbini walikuwa wachache kwa kiasi kikubwa miongoni mwa waliopata ajali. Los Angeles ya wakati ule si Ubungo ya leo, nami sikuletei habari hiyo kama hirizi. Hata hivyo, rafiki zako hawakusema jambo la kuzuka tu.

Sasa nakuomba usome kwa makini, kwa sababu ripoti hiyohiyo ina jambo la pili ambalo linamhusu mtu wa vumbi kuliko mtu mwingine yeyote. Wachunguzi waliona kwamba wengi wa walioanguka, walipoiona hatari, waliikanyaga breki ya nyuma hadi tairi ikafunga na kuburuzika, huku breki ya mbele wakiigusa kidogo tu. Na uwezo wa kukwepa kwa kuusukuma usukani ulikuwa kama haupo. Muda waliokuwa nao, tangu hatari ijitokeze hadi kugongana, ulikuwa chini ya sekunde 2. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, sekunde 2 ni mita 28 hivi, zaidi ya urefu wa mabasi mawili makubwa yaliyoegeshwa moja nyuma ya jingine. Katika nafasi hiyo hakuna muda wa kushauriana na kichwa. Mkono na mguu vitafanya kile vilichozoea, na mguu wako umezoea breki ya nyuma.

Huko Mufindi ulikuwa na haki ya kuiogopa breki ya mbele. Kwenye utelezi, tairi ya mbele ikifunga, umeshafika chini kabla hujasema neno. Lakini kwenye lami kavu mambo hugeuka: unapofunga breki, uzito wako na wa pikipiki husukumwa mbele, tairi ya mbele hugandamizwa barabarani na kupata mshiko mkubwa, ilhali ya nyuma hubaki nyepesi na kufunga kwa urahisi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama, mara nyingi asilimia 70 au zaidi, hutoka mbele. Anayeitegemea breki ya nyuma peke yake huhitaji umbali mrefu zaidi kwa mbali ili asimame, na daladala iliyosimama ghafla kituoni haitampa umbali huo.

Kwa hiyo kabla hujaingia Barabara ya Morogoro hata siku moja, tafuta kipande cha lami kisicho na magari, asubuhi ya Jumapili, ukafanye zoezi hili. Nenda kwa kilomita 20 kwa saa, pikipiki ikiwa wima na usukani ukiwa umenyooka, kisha uvute breki ya mbele kwa vidole viwili, polepole kwanza, hadi uhisi shokapu za mbele zimezama, ndipo uongeze nguvu. Usiinyakue kwa ghafla. Ya nyuma iguswe kwa wepesi tu. Rudia mara 20, kisha upande hadi kilomita 30, halafu 40. Siku inayofuata fanya hivyo tena, na siku ya tatu vilevile. Mimi nilijifunzia pikipiki kwenye vumbi kama wewe, na ilinichukua wiki kadhaa za mazoezi ya namna hii kabla mkono haujautangulia mguu.

Katika kona nako kuna la kubadilisha. Porini unakaa wima, unailaza pikipiki chini yako na kuutoa mguu wa ndani uwe tayari kukuegemeza. Kwenye lami mguu huo uache juu ya kikanyagio, kwa maana buti likinasa kwenye lami kifundo cha mguu huvunjika, na mwili wako uulaze pamoja na pikipiki. Punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, si ndani yake. Ukitaka kukwepa kitu ghafla upande wa kulia, sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele, na pikipiki italala kulia papo hapo. Watu wengi hulifanya jambo hili bila kujua, lakini anayelijua hulifanya kwa haraka anapohitaji.

Mtu anaweza kuniuliza kuhusu mabingwa. Ni kweli kwamba Kenny Roberts wa Marekani alitokea kwenye mashindano ya njia za udongo, akaenda kutwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 500 kwa miaka mitatu mfululizo, 1978 hadi 1980, na mpaka leo wakimbiaji wakubwa hufanya mazoezi kwenye vumbi. Lakini katika uwanja wa mashindano wote huelekea upande mmoja, wala hakuna mwenye kuvuka na ndoo kichwani.

Hapo ndipo kaka yako ana haki kamili. Msitu hauna nia, lakini barabara imejaa watu wenye nia zao ambazo hawakuambii. Katika ripoti ile ya Los Angeles, ajali zilizohusisha chombo kingine zilisababishwa, kwa takribani theluthi mbili, na dereva wa chombo hicho kuingia katika njia ya mwenye pikipiki, na makutano ndiyo yaliyokuwa mahali pa hatari zaidi. Kwao gari hatari ni lile linalokata kushoto. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, tunaoendesha upande wa kushoto, ni gari linalokuja mbele yako na kukata kulia ili kuingia barabara ya pembeni. Dereva huyo anaweza kukutazama usoni na asikuone. Tazama tairi zake za mbele badala ya macho yake, kwa sababu tairi ndizo zitakazokuambia kwanza kwamba gari limeanza kusogea, na ukikaribia hapo vidole vyako viwe tayari juu ya breki. Zoea vioo, ambavyo pikipiki nyingi za porini hazina, na geuza shingo kutazama nyuma kabla ya kuhama. Njia ya mabasi ya mwendokasi usiiingie kabisa, hata foleni iwe ndefu kiasi gani na hata ukiwaona wengine wameingia.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Matairi yenye meno makubwa hugusa lami kwa eneo dogo, na meno yake huyumba unapolala kwenye kona, hivyo badilisha. Fulana nyepesi za michezo ya porini huchanika mara moja zikisuguana na lami, kwa hiyo tafuta jaketi zito na glavu.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 14 na anafanya mazoezi ya motokrosi Jamhuri Park, hapa Nairobi. Anasema yanamwandaa kwa barabara. Nimwache aendelee, au nimsimamishe hadi afikie umri wa leseni?
Mama, Nairobi

JIBU: Mama, mwache aendelee, mradi awe na mwalimu na kinga kamili za mwili. Pikipiki hiyo isitoke uwanjani hata kwa kwenda dukani, kwa kuwa yeye hana leseni, nayo haina bima wala namba za usajili. Lile ambalo uwanja hauwezi kumfundisha unaweza kulianza wewe leo. Unapoendesha gari, mkalishe kiti cha mbele na umwombe ataje kwa sauti kila anachohisi kinaweza kuingia njiani kwenu: matatu inayotaka kuchomoka kituoni, mlango wa gari lililoegeshwa, mtoto anayekimbilia mpira. Mwanzoni atakuwa akivitaja baada yako. Atakapoanza kuvitaja kabla yako, mwambie umeona.