Anayesifiwa kwa Kumtunza Mama, Mkague Kwanza

Juzi dada mmoja wa Kahama, msomaji wangu wa siku nyingi, ameniandikia ujumbe mrefu kuhusu bibi yake. Bibi anaishi na mjomba. Mjomba anasema bibi amechanganyikiwa, haelewi kitu, kwa hiyo afadhali shamba liandikwe jina lake yeye mjomba "lisije likapotea". Halafu dada akamalizia hivi: "Ila mjomba anamtunza vizuri sana, kila mtu anamsifia."

Dada, hizo sifa ndizo zilizonifanya niache kupika nikae chini kuandika.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Anaishi Korogwe, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mshahara wa ualimu na pesa za kikoba. Ana presha, magoti yamechoka, akili iko palepale. Baba alishatangulia. Waliobaki naye nyumbani ni kaka yangu mkubwa na mkewe. Sisi wengine tumetawanyika, mimi Dar na duka langu, mdogo wangu Muscat, na mnaonisoma humu mnayajua maisha hayo. Unahangaika, unataka ufike mbali, unatuma cha matumizi, moyo unatulia kwa kuwa nyumbani kuna mtu. Kila mwisho wa mwezi kaka anatupia picha ya Mama kwenye grupu la familia, mashangazi wanamwagia dua: "Pepo yako iko hapohapo miguuni kwa mama yako, baba."

Kilichonishtua mimi ni kitenge. Picha ya Ramadhani, picha ya Idi, picha ya siku binamu yetu alipoolewa: Mama kavaa kitenge kilekile cha njano, kakaa kiti kilekile, picha imekatwa kifuani. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kutoka kwenda dukani bila kubadilisha khanga. Sikumuuliza mtu. Nilipanda basi stendi ya Magufuli alfajiri, mchana niko Korogwe, nikaingia nyumbani bila kupiga simu.

Wengi mkisikia ukatili kwa wazee mnawaza fimbo. Hapakuwa na fimbo. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa na komeo jipya, limepigwa kwa nje. "Asije akaanguka uani," wifi akaniambia. Kucha za miguu zilikuwa ndefu mpaka zimepinda na kuingia kwenye nyama. Nyongani, upande wa kulia, kulikuwa na kidonda cha kulalia upande mmoja, kimefunikwa kipande cha shuka kilichogandia. Dawa za presha zilikuwa kwenye bahasha ya hospitali, karibu zote zimo, na tarehe ya bahasha ni ya zamani kweli. Miwani yake ya kusomea imefungiwa kabatini, "isije ikavunjika".

Hiyo miwani ndiyo iliyonifumbua macho. Bila miwani Mama hasomi hata jina lake mwenyewe. Laini yake ya simu, ile inayopokea ujumbe wa benki, ilikuwa ndani ya simu ya kaka. Kadi ya benki anayo kaka, namba ya siri anaijua kaka. Nikamuuliza taratibu, tukiwa wawili tu, pensheni siku hizi anapata ngapi. Akasema, "Si wanasema serikali imepunguza." Serikali haikupunguza kitu. Kulikuwa na mkopo. Benki zetu huwakopesha wastaafu na kukata marejesho kwenye pensheni kila mwezi, huduma halali kabisa, na Mama alipelekwa, akawekewa karatasi mbele, akaoneshwa pa kusaini. Pikipiki mbili za bodaboda zilitoka hapo. Zilezile tulizompongezea kaka kwenye grupu, kwamba jamani kajiajiri.

Haya, ushauri, maana najua ndio mnaousubiri.

Usipige kelele. Mimi ni mtu wa kelele, wanaonijua wanajua, lakini siku ile nilinyamaza mpaka nikajishangaa. Ukigombana saa ileile, wewe utapanda basi urudi mjini, na mzee atabaki na yuleyule uliyemgombeza. Niliaga kwamba nampeleka Mama kliniki ya presha, basi. Hospitali ya wilaya wakamsafisha kidonda, nikamwomba daktari aandike kwenye faili kila alichokiona: kidonda kina ukubwa gani, presha imefika wapi, dawa hazijaliwa. Angekuwa na alama za kupigwa tungepitia polisi kuchukua PF3, ile fomu yao ya kwenda nayo hospitali. Karatasi ya daktari haibishani na mtu. Machozi yako kwenye kikao cha ukoo yatabishiwa na kila shangazi.

Kabla hujazungumza na watu, shika pesa. Narudia, pesa kwanza. Laini, kadi, benki. Tulipokwenda kurudisha laini, mashine ya alama za vidole ilimkataa Mama. Kidole gumba, wapi. Cha shahada, wapi. Yule kijana wa dukani akafuta kioo kwa shati lake, akampangusa Mama vidole kwa kitambaa chenye maji, akajaribu tena kimoja kimoja, na kilichokubali ni cha pete, mkono wa kushoto. Mama akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu nifike. "Chaki imekula vidole, mwanangu." Tukaenda benki, kadi ya zamani ikafungwa, akachagua namba mpya ya siri miwani ikiwa usoni, mimi nimegeukia ukutani. Sikutaka kuijua na siijui mpaka leo. Msimtoe mzee mkononi mwa kaka mkamtia mkononi mwa dada. Taarifa ya akaunti tulichapishiwa palepale, na mkopo umo humo, una tarehe na sahihi.

Halafu kuna mtu ambaye familia zetu humsahau kabisa: afisa ustawi wa jamii. Kila halmashauri inaye. Tunakimbilia mwenyekiti wa mtaa, ambaye pengine anacheza bao na kaka yako kila jioni, au shehe, au mchungaji, tunamruka mtu aliyesomea kazi hiyo. Yule mama wa ustawi alifanya jambo ambalo ndugu zangu wote hawakulifanya. Alimtoa kila mtu nje, mimi nikiwemo, akamuuliza Mama anataka nini.

Mama alitaka komeo litoke. Alitaka abaki nyumbani kwake. Na alitaka mwanawe asipelekwe polisi.

Mimi nilitaka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nilitaka kesi, na kwa karatasi nilizokuwa nazo ningeifikisha mbali. Yule afisa akaniambia kwa upole kwamba huyu ni mtu mzima mwenye akili timamu, na kulalamika au kutolalamika ni juu yake. Nilikasirika. Bado nina hasira, siwafichi. Lakini ndivyo ilivyo: ukishaanza kumwamulia mzee kwa kuwa unampenda, na wewe umeshika komeo lako. Labda mzee awe anapigwa, au maisha yake yako hatarini, hapo usisubiri ruhusa ya mtu, nenda polisi.

Na wifi? Tulipokaa kikao cha ukoo, kikao kizima kilitaka kumwangushia yeye, si mnajua wanawake tunavyobebeshwa. Wifi ana watoto wadogo, anauza maandazi asubuhi, na kumwinua mtu mzima kitandani ni kazi ya watu wawili. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama amelala. Amekosea, komeo ni lake, nilimwambia usoni na akalia. Ila kuzidiwa na kuiba ni vitu viwili, na dawa zake ni mbili. Wifi tumemtafutia binti wa jirani, tunamlipa mimi na mdogo wangu, anakuja asubuhi kumwogesha Mama na kusaidia kumgeuza. Mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo kidonda kinarudi. Kaka hakuzidiwa. Kaka alipiga hesabu.

Baba mdogo akasema nimevua nguo ukoo hadharani, kama sitaki Mama atunzwe na mwanawe wa kiume nimpeleke Nunge. Kwa msiojua, Nunge ni makazi ya wazee ya serikali kule Kigamboni, wanakopokelewa wazee wasio na mtu. Nikamjibu kwamba Mama ana watoto, ana nyumba na ana pensheni, na vyote vitatu vimetumika kumfungia mlango. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe iliiachia familia mzigo mkuu wa kumtunza mzee. Ni sawa. Lakini basi anayeweza kumnyanyasa mzee na asijulikane ni wa humohumo kwenye familia, na zaidi ni yule mnayemshukuru, kwa sababu hakuna anayemkagua mtu anayeshukuriwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye miaka 60 na zaidi, mmoja hufanyiwa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka. Hesabuni wazee wa ukoo wenu, halafu mniambie yupi. Tarehe 15 Juni kila mwaka dunia nzima inapinga ukatili kwa wazee, na sisi tunaposti picha za mama zetu na kopa nyekundu. Nenda ukamwone! Bila taarifa. Mvue soksi, mwangalie miguu. Fungua bahasha ya dawa uhesabu. Muulize pensheni yake iko wapi, na umuulize mkiwa wawili tu.

Sasa nikurudie wewe dada wa Kahama, maana jambo lako ni zito kuliko langu. Huko kwenu Shinyanga, na Simiyu, na Mwanza, bibi wengi wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, kosa lao macho mekundu, na macho hayo ni moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe wa miaka yote waliyowapikia watu walewale. Mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba. Simwiti mjomba wako muuaji. Nasema leo bibi "amechanganyikiwa", shamba likigoma kuhama usisubiri kusikia kesho ataitwa nani.

Mpeleke bibi hospitali, wewe mwenyewe. Kusahau kupita kiasi uzeeni huwa ni ugonjwa unaojulikana, na mara nyingine mzee anachanganyikiwa kwa vitu vinavyotibika, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, dawa zisizopatana. Akionekana kweli haelewi anachosaini, basi sahihi yake haina maana na mjomba asimsainishe kitu. Akionekana yuko sawa, basi ataamua mwenyewe. Huku na huku mjomba hana hoja. Na kama shamba liko kijijini chini ya hakimiliki ya kimila, kulihamisha kunapita halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa kijiji wiki hii, peleka barua, bakiza nakala yenye mhuri. Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na afisa ustawi wa halmashauri yenu anaweza kukuelekeza walipo. Usimwambie mjomba mpaka barua imegongwa mhuri. Na usiliseme kwenye grupu!

Kwetu mkopo bado unakatwa. Mama anakwenda benki mwenyewe kwa bajaji, anarudi na risiti, anaibana kwenye daftari lake la zamani la mahudhurio. Kaka ameuza pikipiki moja na pesa imeingia kwenye akaunti ya Mama. Ya pili anasema ilipata ajali, iko kwa fundi Segera. Nimemwomba jina la fundi na risiti, mbele ya Baba mdogo, na nimempa mpaka mwisho wa mwezi.