Bomba la Maji Baridi Likitoa Jasho, Usivunje Ukuta

Wiki iliyopita kijana anayejifunza ufundi bomba huko Muheza aliniandikia kwamba mteja amemzuilia malipo kwa madai kuwa bomba alilofunga linavuja, ingawa amekagua kila kiungo na hakuona tundu. Ujumbe huo uliniumiza, kwa sababu fedheha hiyo naifahamu, na kila fundi anayetaka jina lake liheshimike ataionja.

Mimi ilinipata katika nyumba ya wageni ya Raskazone, hapa Tanga, ambako nilifunga mtambo wa kupozea maji ya kunywa na kupitisha bomba kutoka jikoni hadi ukumbi wa chakula. Masika yalipoingia, rangi ya ukuta chini ya bomba ilianza kubanduka, ukungu mweusi ukatokea, na kila asubuhi sakafu ilikutwa imeloa. Mwenye nyumba, mama mtu mzima niliyemheshimu sana, aliniambia mbele ya wageni wake, "Fundi, kazi yako inavuja, na ukuta wangu utaulipa wewe." Akaitwa fundi mwingine, naye, bila hata kuligusa bomba, akashauri ukuta uvunjwe.

Niliomba nafasi ya kufanya jambo moja tu. Nilizima mtambo, nikaliacha bomba limejaa maji kwa msukumo uleule, nikalifuta kwa kitambaa kikavu, kisha tukasubiri maji yaliyomo yapate joto la chumba. Bomba lilibaki kavu kabisa. Lingekuwa na tundu, maji yangeendelea kutoka, yawe ya baridi au ya vuguvugu. Mama alinilipa stahiki yangu yote, lakini neno alilolisema mbele za watu hakulifuta, na mpaka leo linanikaa moyoni.

Sababu yenyewe ni hewa ya pwani, ambayo mvuke wake hugeuka maji inapogusa bomba la baridi, na hilo ndilo jasho la bomba. Hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 80 huacha matone juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 hivi au chini yake, na bomba la maji yaliyopozwa huweza kuwa na nyuzi 10. Ndiyo maana bomba la kawaida linaloleta maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani ni nadra kutoa jasho, kwani maji hayo hutufikia yakiwa na uvuguvugu unaokaribia ule wa hewa. Uingereza, ambako maji hutoka ardhini yakiwa ya baridi, hata bomba la kawaida la ndani hulowa.

Tiba ni kuizuia hewa isilifikie bomba. Tumia sponji nyeusi ya mabomba ya viyoyozi, ambayo vitundu vyake vimefungwa na havipitishi mvuke kwa urahisi. Ile ya milimita 9 naiona nyembamba kwa hewa yetu, nami hufunga ya milimita 19. Mishono yote ishikwe kwa gundi, si kwa utepe peke yake, na kazi hiyo ifanywe mtambo ukiwa umezimwa na bomba limekauka, kwa kuwa gundi haishiki penye maji. Funika pia koki, kona na hasa sehemu zilizo chini ya vibano, ambazo mafundi wengi huziacha wazi. Mvuke hupenya hapo, hugeuka maji ndani ya sponji, na ukuta huloa kama mwanzo.

Ndugu zangu vijana, msikubali kuitwa wazembe kwa kosa la hewa, wala msikubali kuondoka kwenye kazi mkiwa mmeliacha bomba la baridi wazi kwa sababu mteja amesema hana fedha. Heshima ya fundi hulindwa kabla ya lawama kufika. Andikeni gharama ya sponji na gundi katika makisio ya kwanza, kwa mstari wake wenyewe, na mteja akiukata, mwambieni kwa adabu, mbele ya shahidi, kwamba masika yakifika ukuta wake utaloa.