Uliza Idadi ya Mionzi Kabla Hamjapanda Boti

Kama una mzee anayetakiwa kuvuka kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi ya saratani ya tezi dume, muulize daktari mapema: atapigwa mara ngapi, kwa wiki ngapi? Nilimsindikiza baba kutoka Pemba, na jibu hilo ndilo lililotupangia nyumba ya kufikia Dar, likizo yangu ya kazini na nani abaki na mama Mkoani.

Mpango wa zamani ni mionzi 37 hadi 39 hivi, Jumatatu mpaka Ijumaa, karibu wiki nane. Siku hizi wengi hupewa 20 kwa wiki nne, kila mmoja grei 3 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) badala ya 2. Baba alipopangiwa 20, jamaa walinung'unika kuwa anapunjwa. Hapunjwi! Utafiti wa CHHiP wa Uingereza, uliotoa matokeo mwaka 2016 baada ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 3,000, ulionesha kuwa grei 60 kwa mara 20 si duni kuliko grei 74 kwa mara 37. Upo hata mpango wa mara tano, ila haumfai kila mgonjwa. Msilinganishe karatasi yenu na ya mgonjwa wa benchi la pili. PSA yake (kipimo cha damu cha tezi dume) na hatua ya ugonjwa wake ni mengine. Wengine huongezewa na sindano za homoni, za miezi sita au hata miaka miwili, mitatu.

Kilichotushughulisha kuliko vyote ni kibofu. Kila siku mgonjwa huingia kwenye mashine kibofu kikiwa kimejaa na haja kubwa ameshaimaliza, kwa sababu kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mbali na mionzi. Kwa hiyo lazima anywe maji mchana. Ikiangukia Ramadhani, wapo wazee watakaofunga kimyakimya na kuingia na kibofu kitupu. Zungumza naye kabla, na ikibidi amsikie sheikhe anayemwamini: mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine. Halafu kuna foleni. Akinywa mapema mno, zamu itamkuta hawezi tena kujizuia, na mzee hasemi, anaona haya. Mimi nilikuwa naulizia kwanza foleni imefika wapi, ndipo nampa chupa. Zile alama wanazomchora mwilini asizisugue anapooga.

Mwisho wa wiki msirudi Pemba. Kusi likivuma boti huahirishwa, na Jumatatu mgonjwa anatakiwa kwenye kitanda cha mashine. Siku ikipotea, waambieni wahudumu waipange upya. Wekeni pia akiba ya siku za ziada, maana mashine nazo huingia matengenezo.

Kukojoa kila mara, kuungua wakati wa kukojoa, kuharisha na uchovu huanza baada ya wiki mbili tatu, na kwenye mpango wa 20 huwa kali mwishoni au mara tu mionzi ikiisha. Kwa hiyo msikate tiketi ya kesho yake. Safari ya Pemba ni ndefu kwa mtu anayekimbilia choo. Akishindwa kabisa kukojoa, au akiona damu, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Ombeni karatasi yenye jumla ya grei, idadi ya mionzi na tarehe ya kumaliza. Daktari wa huku nyumbani ataihitaji kila atakapopima PSA.