Filamu ya kwanza ya zamani: anza na hii

Kwa anayeuliza aanzie wapi na filamu za zamani kwenye runinga: Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Dakika 89 tu. Mwishoni mwangalie mtoto Bruno anavyookota kofia ya baba yake na kuipangusa vumbi. Utaelewa kwa nini bado inatazamwa.

Ukiipenda, nenda Seven Samurai ya mwongozaji Mjapani Akira Kurosawa (1954), dakika 207. Ratiba ikionyesha urefu wa dakika 150 hivi bila matangazo, hiyo imekatwa, iache.

Kabla ya kutazama, weka umbo la picha 4:3 (upana nne kwa kimo tatu) kwenye runinga, la sivyo nyuso zitavutwa zinenepe. Pau nyeusi pembeni ndizo sahihi. Zima pia kilainisha mwendo (motion smoothing) kwenye mipangilio ya runinga: filamu hizi zina fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, na runinga huongeza za kubuni.